Kichochoro cha Mafundi Cherehani

Wenzake wa maabara walimwita Mtalii, na jina likamganda. Kazi ikiisha, wao walikimbilia makwao. Yeye alivaa raba akatokomea mitaani. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, amekuja kufanya mafunzo ya utafiti katika jiji asilolijua hata kidogo, na hakutaka kuondoka akiwa amejua ofisi na kitanda tu.

Shangazi yake, aliyempa chumba, hakupendezwa. "Mwanangu, umekuja kusoma au kupima barabara?"

"Vyote, shangazi. Joto ninalolichunguza liko huko huko barabarani."

Hakuwa anatania. Vipimajoto vilikuwa vimefungwa kwenye nguzo za taa jiji zima, naye kazi yake ilikuwa kuchambua namba zake kwenye kompyuta. Kuna siku macho yalimuwia mazito, lakini hakuruka hata moja.

Ndipo akakuta ajabu. Mtaa wa mafundi cherehani ulikuwa unaungua mchana kutwa, ila kipimajoto kimoja kilisema hapo kuna ubaridi. Akampelekea msimamizi wake, mtafiti mkuu, mama mwenye haraka zake.

"Hicho kimekufa," mama akasema bila kuinua macho. "Kifute."

Kumpinga mkubwa, tena ukiwa mgeni, si mchezo. "Samahani, mama, nadhani ni kizima. Jumamosi nilipita hapo. Kuna kichochoro katikati ya maghorofa, upepo unapita humo utadhani umefunguliwa bomba. Mafundi wamehamishia cherehani humo."

"Una hakika?"

"Nilikaa mpaka jasho likanikauka."

Kesho yake wakaenda pamoja, mama ameshika kipimajoto cha mkononi. Barabarani namba zilipanda tu. Walipokunja kona, mtandio wa mama ukapepea. Akapima kwenye ukuta, akapima chini, akarudi kupima pale kichochoro kinapoanzia. Ubaridi ule ule. Fundi mmoja akawasogezea benchi.

"Na mimi nilitaka kukifuta!" Mama akacheka hadi akaegemea ukuta. Alipotulia akasema, "Ripoti ya mtaa huu utaiandika wewe. Na mbele ya watu utasimama wewe."

Siku ya siku, ukumbi ulijaa wahandisi na wapangaji wa jiji. Mtalii alianza na kichochoro cha mafundi, na sauti ikapata njia. Mhandisi mmoja akauliza kama majengo mapya yanaweza kuachiana upenyo wa namna ile, naye akajibu hoja kwa hoja, bila kumtupia jicho msimamizi. Makofi yakapigwa. Akahisi kifua kimejaa, akakiacha kijae.

Mstari wa mbele, shangazi, aliyevaa nguo yake ya harusini, alimgusa bega mzee wa tai aliyekaa jirani. "Huyo ni wa kwetu. Anakaa kwangu."

"Umeshaniambia, mama," mzee akasema akitabasamu.

"Basi nakuambia tena."