Daftari la Zamu

Karani wa kamati ndiye aliyepanga ratiba ya safari, na mji ule aliuingiza kwa makusudi. Wabunge wawili, mmoja wa chama tawala na mwenzake wa upinzani, walikuwa wakizunguka kwa gari moja kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mageuzi ya afya. Wa chama tawala, kabla ya siasa, alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya mji huo. Wa upinzani alikuwa mwenyekiti wa bodi yake. Enzi hizo walikuwa chanda na pete. Sasa hawakuafikiana hata kama dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Hakuna aliyemkumbuka karani. Miaka tisa nyuma alikuwa binti tu kwenye benchi la wodi ya wazazi, amemshika dada yake mkono tangu saa mbili asubuhi. Dada alihitaji kupasuliwa. Daktari, ndiye huyo mganga mkuu, hayupo. Gari la wagonjwa nalo halipo, limebeba viti vya harusi ya mdogo wake daktari. Saa tisa alasiri dada akakata roho, mtoto tumboni. Kisha ikaja barua ya bodi, yenye saini ya mwenyekiti: mgonjwa alichelewa kufika.

Ukumbi wa shule ulifurika. Watu walilalamikia dawa, foleni, lugha chafu za wauguzi. Ndipo akasimama bibi mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye karani alikuwa amemtembelea wiki mbili kabla. Mkononi alishika daftari la zamu.

"Mnauliza nini kibadilike," alisema. "Nawasomea."

Akasoma: saa aliyofika mgonjwa, mara tatu daktari alizopigiwa simu, gari lilikokwenda.

"Mama, hayo ya zamani," daktari alidakia. "Tuzungumzie muswada."

"Mwache mwananchi aseme!" Mwenzake alikuwa akichekelea waziwazi.

"Na wewe mwenyekiti," bibi akamgeukia, "nilikuletea daftari hili ofisini. Ukaniambia niandike upya."

Kicheko kikamkauka.

Garini, kwa mara ya kwanza safari nzima, waheshimiwa walikubaliana.

"Binti yangu," daktari alianza kwa sauti ya asali, "ile sehemu ya muuguzi iruke."

"Haihusiani na muswada," mwenzake akaunga mkono.

Karani alifunga kalamu yake taratibu. Maneno haya alikuwa ameyatafuna miaka tisa.

"Yule mgonjwa ni dada yangu, tumbo moja. Nilikuwa naye pale benchi. Hakuchelewa. Kila neno litaingia kwenye taarifa, na nakala ya daftari iko baraza la madaktari tangu juzi."

Daktari alijifunika uso, mabega yakamtikisika. "Nionee huruma. Nina watoto."

"Na yeye alikuwa naye mmoja."

Akamtazama akilia, wala hakugeuza macho. Alitaka ashibe.

Mwezi haukuisha, baraza likamfutia daktari leseni, na kiti cha ubunge akakiachia mwenyewe. Karani akapanda basi kwenda kwa mama yake, akamsimulia yote mwanzo mpaka mwisho.

"Alilia?" mama aliuliza.

"Alilia, mama. Kama mtoto."

"Na yule wa barua?"

"Bado."

Mama akamsogezea kiti karibu na dirisha. "Kaa basi. Tuzungumze habari zake."