Zege Halingoji Alhamisi

"Geuza tena," fundi aliamuru. "Ya chini ije juu, ya juu iende chini. Nataka rangi moja. Nikiona mchanga umejitenga peke yake, huo utalala na wewe kitandani."

Vibarua walicheka, wakageuza. Lundo la mchanga, kokoto na saruji lilikuwa limetandazwa juu ya mabati chakavu katikati ya kiwanja, na kila koleo lilipoinuka, vumbi la kijivu lilipaa na kutua juu ya nyusi zao. Mama Foronya alikuwa akijaza pipa la maji ndoo baada ya ndoo, kutoka kwenye bomba la bibi wa nyumba ya pili. Kila alipopita karibu na lundo lile alilitupia jicho, kama mtu anayechungulia chungu kilichobeba chakula cha nyumba nzima.

Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa mfuaji katika hospitali, na shuka la wagonjwa lilipochanika hakukubali litupwe. Alilikata palipokuwa pazima, akashona foronya. Wenzake walianza kumwita hivyo kwa utani, utani ukageuka jina, na sasa hata daktari mkuu hakulijua jingine. Leo mwenzake mmoja alikuwa amemshikia zamu bila kuombwa mara mbili. Tangu alfajiri Mama Foronya alikuwa amekwisha kumshukuru kimoyomoyo, pamoja na bibi mwenye bomba na jirani aliyemwazima koleo. Ndivyo alivyoizoea siku kuianza: kwanza anajua nani kambeba, ndipo anajua anakokwenda.

"Haya, mwanafunzi," fundi alimwita Mama Foronya. "Njoo hapa kabla sijatia maji. Leo tunamwaga nini?"

"Linta."

"Linta ni mdudu gani?"

"Ni mkanda wa zege, fundi. Unazunguka nyumba yote, juu ya milango na madirisha."

"Kazi yake?"

"Kuzishika kuta zisiachane. Tena unabeba matofali ya juu, yasiwaangukie watu mlangoni."

"Ndani ya mkanda kuna nini?"

"Nondo. Zile ndefu zinalala, na ringi ndizo zinazozibana, kama vifungo vya shati."

"Na hizi mbao?"

"Fomu. Ndizo zinazolipa zege umbo. Likishaiva, tunazivua." Akafikiri kidogo. "Kama foronya."

Fundi alicheka mpaka kipimo chake kikamponyoka kwapani. Watu walimwita Pimamaji kwa sababu ya kipimo hicho, kile chenye kichupa na kiputo kinachotulia katikati pale kitu kinapokuwa sawasawa. Hakukiacha nyumbani hata siku za mapumziko. Aliwahi kukilaza juu ya meza ya mkahawa na kumweleza mwenyewe kwamba meza imeinama, ndiyo maana chai yake inamkimbia mteja.

Mitihani hii ilikuwa na chanzo chake. Mwanzoni mwa ujenzi Mama Foronya alikwenda dukani peke yake akaomba "vyuma vya nyumba", akarudi na vyuma vyembamba kama sindano za kufumia. Pimamaji alikikunja kimoja kwa vidole, akacheka, kisha akaacha kucheka. Tangu siku hiyo hakuanza hatua yoyote kabla ya mwenye nyumba kuitaja kwa jina na kueleza kazi yake. Alimfundisha kwamba msingi ndio miguu ya nyumba, na hauonekani, na ndiyo maana wezi wa saruji huupenda. Alimfundisha kwamba kozi ni mstari mmoja wa matofali, na kwamba timazi, kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi, ndicho kinachosema kama ukuta umesimama au umeegama kama mlevi. Alimwambia pia majina ya vitu ambavyo bado hawakuwa navyo: kenchi, yaani mbao zinazofungwa pembe tatu kushikilia paa, na papi, zile nyembamba zinazopigiliwa juu ya kenchi ili bati lipate pa kukaa. Mama Foronya aliyarudia maneno hayo akiwa amesimama mbele ya mashine za kufulia. Aliyaona mazuri. Mtu aliyeishi vyumba vya kupanga maisha yake yote hujua neno "paa" tu, na hulijua zaidi linapovuja.

Sasa paa hilo la kupanga lilikuwa linamtoka. Baba mwenye nyumba alitaka chumba chake ifikapo mwisho wa mwezi, kwa ajili ya mwanawe aliyeoa. Alisema kwa upole, tena kwa aibu, lakini alisema. Mvua nazo zilikuwa njiani. Bei ya saruji ilikuwa imepanda wakati Mama Foronya amesimama kwenye foleni ya kuinunua. Linta ikimwagwa leo, wiki zijazo zingekuwa za kenchi na bati, naye angehamia chini ya paa lake mwenyewe, hata kama madirisha yangezibwa kwa magunia. Isipomwagwa, hakujua.

Saruji yote aliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya lundo lile. Huo ulikuwa mtindo wa Pimamaji, nao ndio uliokuwa fahari yake. Mafundi wengine huchanganya kidogo kidogo, wakamwaga, wakapumzika, wakachanganya tena. Yeye alichanganya mkavu wote kwanza, ili linta imwagwe kwa mfululizo na isipate kiungo. "Kiungo ni ufa uliovaa shati," alikuwa akisema. Ubaya wa mtindo huo ulikuwa mmoja: mchanga wa asubuhi una umande, na saruji ikishaonja unyevu haiulizi kama uko tayari.

Mkaguzi wa ujenzi alifika akiwa ameacha pikipiki yake upande wa pili wa mfereji, kule kwenye barabara kubwa. Mfereji huo ulibeba maji meusi ya mtaa mzima, nao ulivukwa kwa mbao mbili zilizolegea. Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa na nyonga mbovu, alikuwa akiuvuka akiwa amekaa, akijisukuma kwa mikono. Siku hizi hakuvuka kabisa. Mkaguzi alivuka kwa tahadhari, akitazama viatu vyake.

"Nani mwenye nyumba hapa?"

"Mimi, baba. Karibu."

"Hizi nondo zimekaguliwa?"

"Bado. Nimekuja ofisini mara nyingi kuomba. Naambiwa uko mitaani."

"Ndiyo. Si unaniona niko mitaani?"

"Nakuona, baba, na nashukuru umekuja. Zikague basi. Ngazi ile pale, fundi atakushikia."

Mkaguzi alitikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa kutojua mambo. "Mama, leo sikagui. Leo ni zamu ya kusimamisha. Kukagua ni Alhamisi."

"Alhamisi utakuja?"

"Alhamisi anakuja mwenzangu."

"Sawa. Nitamngoja mwenzako."

"Yuko likizo."

Pimamaji alivuta pumzi ya kusema jambo, Mama Foronya akamkanyaga mguu. Mkaguzi alitazama mawingu, akajikuna shingo. Alikawia kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayemngojea mwenyeji wake akumbuke jambo fulani. Mama Foronya alilijua jambo hilo. Ila chochote ambacho angeweza kumpa kilikuwa kimelala pale juu ya mabati, rangi moja, kama fundi alivyotaka.

"Saruji imeshachanganywa, baba," alisema. "Haitafika jioni."

"Hilo ni la fundi wako. Mimi sikuichanganya."

Alichukua kopo la rangi alilokuja nalo, akapiga alama ya X nyekundu, ya kusimamisha ujenzi, ukutani kando ya mlango, rangi ikachuruzika. Kisha akaendelea na njia kuelekea nyumba za juu, alikokuwa na nyingine za kusimamisha.

"Tumwage!" Pimamaji alifoka mara tu mgongo ule ulipopotea. "Tumwage sasa hivi. Akirudi akute limeshika, tuone atalifanya nini!"

"Atalivunja. Ya mwenzangu mmoja wa kazini walivunja, pamoja na ukuta uliokuwa chini yake."

"Basi liharibike! Nitakaa hapa nimtazame marehemu akikauka." Fundi alijitupa juu ya tofali. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, akasema, "Nimekuponza, dada yangu. Ningechanganya kidogo kidogo, mifuko mingine ingekuwa bado imefungwa. Kiburi changu hiki cha kiungo."

Mama Foronya alikuwa ameingiza mkono ndani ya lundo, akihisi ubaridi wake. Aliona mwisho wa mwezi, na godoro lake kichwani mwa mtu, na mvua. Alilia kidogo, bila sauti, akiwa amewapa mgongo, na vibarua wakawa wastaarabu wakaangalia pembeni. Alipojifuta uso, saruji ikabaki shavuni.

"Shuka limechanika," alisema.

"Shuka gani tena?"

"Hili. Limechanika katikati. Nitafutie palipo pazima, fundi, tukate foronya. Mkaguzi amesimamisha kiwanja changu. Mfereji si kiwanja changu."

Pimamaji alimtazama. Halafu akautazama mfereji, na zile mbao mbili, na mirunda iliyobaki, ile miti ya kuegemezea fomu isibonyee. Kipimo kikarudi kwapani.

"Nyie!" aliwapigia kelele vibarua. "Mnamtazama nani? Leteni mirunda! Na vipande vya nondo vilivyobaki, vyote, hata kile mlichofanya kijiti cha kuchokolea moto!"

Habari haikuhitaji mjumbe. Majirani walitoka wenyewe. Mwenye mbao alileta mbao, mwenye misumari akaleta misumari iliyopinda, akakaa chini kuinyoosha kwa jiwe. Mirunda ilisimamishwa ndani ya maji meusi, mbao mbili za zamani zikaongezewa nyingine na kuwa sakafu ya fomu ya daraja, vipande vya nondo vikafungwa kwa waya mfano wa wavu. Ndipo maji yakatiwa kwenye lundo. Makarai yalipita mkono kwa mkono kutoka kiwanjani hadi mferejini, na zege likashuka likikoroma. Bibi wa nyumba ya pili aliletewa kiti, akakaa akisimamia kazi ambayo hakuna aliyemkabidhi.

"Pale kushoto pana shimo, we kijana! Au unataka nyonga ya pili nayo ivunjike?"

"Bibi, wewe ndiye mkaguzi?"

"Mimi nakagua kila siku, hata Jumapili. Piga piga hapo, hewa itoke!"

Zege lililobaki lilitosha kizingiti cha mlango wa bibi, ili maji yasimwingilie. Pimamaji alikilainisha kwa mwiko kuliko alivyowahi kulainisha kitu, kisha akalaza kipimo juu yake, akangoja kiputo, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika bila kumtazama mtu. Bibi naye alikuwa amemshika Mama Foronya mkono.

"Mwanangu, nitakulipa nini mimi?"

"Maji yako ndiyo yamelikoroga zege, bibi. Tuko sawa."

"Hatuko sawa. Sikiliza. Nyuma kwangu kuna kile chumba cha kuni. Mjukuu atazitoa. Si kizuri, lakini mvua haikijui kwa ndani. Utakaa humo mpaka hao watu wa Alhamisi wakumbuke Alhamisi."

Mama Foronya alitaka kusema asante, neno alilolisema kwa kila mtu kutwa nzima, na kwa mara ya kwanza siku hiyo halikutoka. Aliubana ule mkono wa kizee, akaacha saruji juu yake.

Jua lilikuwa limeinama mkaguzi aliporudi kutoka nyumba za juu, kopo lake likiwa limekaribia kwisha. Alifika mferejini, akasimama.

"Mbao za kuvukia ziko wapi?"

"Ziko chini ya hilo, baba," Mama Foronya alijibu. Alikuwa akilifunika zege kwa magunia aliyoyaloweka, akiyakamua kwa mikono ya kazi yake. Mkaguzi akanyanyua mguu. "Aa, aa! Usikanyage! Bado bichi. Litamwagiwa maji asubuhi na jioni mpaka liive."

"Sasa mimi nitapitaje? Pikipiki yangu iko kule."

Mkaguzi aliinama, akachungulia mirunda chini ya fomu, na labda kwa mazoea tu ya kazi akauliza, "Mmeweka nondo humu?"

"Tumeweka. Ukitaka kukagua..."

"Leo sikagui," alisema kabla hajajisikia anasema.

Kicheko kilianzia kwa bibi, kikapita kwa vibarua, kikamshika fundi mpaka akalazimika kuegemea ukuta wenye X. Mkaguzi alisimama katikati ya kicheko hicho, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyong'arishwa, akawa haonekani tena kama ofisi. Mama Foronya alimtazama akaona vumbi kwenye kola yake. Hakuona haja ya kucheka zaidi. Alivua buti zake za mpira, zile za chumba cha kufulia, akamsogezea.

"Vaa hizi. Ukifika ng'ambo nirushie."

Mkaguzi alisita, akavaa, akashuka kwenye maji meusi akiwa ameshika viatu vyake juu, akaibuka upande wa pili. Buti zilirudi moja moja kwa kurushwa.

"Asante, mama," alisema kutoka kule, na sauti yake ikawa ndogo. "Ila ile amri bado ipo."

"Ipo, baba. Naiona kila nikigeuka. Alhamisi nitakuwepo."

Pikipiki iliondoka. Mama Foronya alimimina maji yaliyokuwa yamebaki ndani ya buti, akarudi kwenye magunia yake. Juu ya kuta fomu zilikuwa wazi, na ndani yake nondo na ringi zikingoja zege lao. Alichota ndoo nyingine.

"Polepole, mwanafunzi," Pimamaji alisema. "Unalinywesha, huliogeshi."