Damu Iliyomiminwa

Pale zahanati kila mtu alimwita Unyoya, naye alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, ilibidi uite mara mbili. Alipewa na mama mmoja mwenye sauti kubwa, aliyekaa kwenye kiti cha kutolea damu huku amefumba macho na kukunja uso kama anayesubiri kofi.

"Haya, nichome basi!" alisema yule mama.

"Mama, tumeshamaliza. Shikilia pamba."

Mama akatoka nje akiwatangazia waliokaa kwenye benchi: "Jamani, mle ndani hakuna sindano, kuna unyoya!" Kuanzia siku hiyo jina likamganda.

Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye chumba kile kile. Kilikuwa na dirisha moja, kiti chenye egemeo pana la mkono, trei ya vichupa vyenye vifuniko vya rangi mbalimbali, spiriti, pamba, na boksi gumu la kutupia sindano. Watu walikuja mpaka kutoka mitaa ya mbali, wakachungulia mlangoni na kuuliza, "Unyoya yupo leo?" Akiwa hayupo, wengine waligeuza na kurudi kwao. Yeye alijua hilo, na lilimtosha.

Nyuso zilimpotea upesi, lakini mikono aliikumbuka. Aliukumbuka mkono wa mwashi, wenye mishipa iliyotuna kama kamba. Aliukumbuka mkono wa karani mmoja, ambaye mshipa wake ulikuwa na tabia ya kukwepa sindano dakika ya mwisho. Mtu akimsalimia njiani, kwanza alimtazama kwenye kiwiko, kisha ndipo akamjibu.

Nyumbani hapakuwa na mkono wa mtu. Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa sita sasa, na watoto wake wawili walikuwa mbali. Walipiga simu wakiwa wamesimama mahali penye kelele, wakauliza kama amekula, wakaaga. Alipika kidogo, akaosha sahani moja, akafungulia redio mpaka watangazaji wakawa kama wapangaji wenzake. Mazungumzo yake ya siku nzima yalikuwa yale ya dakika tatu tatu za kazini. Kunja ngumi. Legeza. Watoto hawajambo? Unafanya kazi gani siku hizi? Mtu alipoanza kunogewa na mazungumzo, damu ilikuwa imeshajaa, na alinyanyuka akaondoka na habari zake.

Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, aliingia bibi mmoja mwembamba, fundi wa kushona nguo. Unyoya alijua ni fundi kabla hajaambiwa, kwa vile ncha za vidole vyake vya mkono wa kushoto zilikuwa zimejaa vitobo vidogo vidogo vilivyokwisha kuwa vigumu. Karatasi ya daktari ilisema ana kizunguzungu, apimwe wingi wa damu, figo na madini ya mwilini.

"Kijana, wewe ndiye unyoya wenyewe?" aliuliza akikaa.

"Kijana mwenye mvi hizi, mama?"

"Mvi si hoja. Nimeambiwa una mkono mwepesi. Mimi nimeshika sindano miaka arobaini na tano, kwa hiyo leo nakukagua."

Unyoya akacheka. Akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa. Hakuona kitu. Akapapasa mkono wa pili, akahisi mshipa mwembamba kama uzi, umejificha chini kabisa. Akachoma. Hakuna damu.

"Moja," alisema bibi.

Akachoma mara ya pili, kwenye mkono ule mwingine. Damu ikatoka, lakini kwa kusuasua. Akatanguliza kichupa chenye kifuniko cha zambarau, cha kupimia wingi wa damu, ingawa utaratibu unataka cha njano kitangulie. Cha zambarau kikajaa mpaka kwenye mstari. Alipoweka cha njano, cha figo na madini, yakaingia matone machache ya kufunika kitako tu, kisha mshipa ukafunga duka.

"Mbili," alisema bibi. "Nasikia hapa sheria yenu ni mbili, ya tatu anaitwa mwingine."

"Nani kakwambia?"

"Benchi lote linajua."

Ilikuwa kweli. Mtoaji akishindwa mara mbili, anamwita mwenzake. Mwenzake wa Unyoya alikuwa chumba cha pili: msaidizi mgeni, binti wa miaka ishirini na tatu aliyemwita mjomba, na ambaye yeye mwenyewe alimfundisha. Katika miaka kumi na tisa Unyoya hakuwahi kumwita mtu yeyote. Aliwaza jinsi atakavyofungua mlango na kuita, na jinsi benchi zima litakavyogeuza shingo.

"Imetosha, mama," akasema. "Kapumzike nje, majibu baada ya saa moja."

Bibi alipotoka, Unyoya akafungua kichupa cha zambarau, akafungua cha njano, akamimina. Kidogo tu. Akavifunga, akavipeleka maabara pamoja na vingine.

Mtu wa kazi hii haambiwi ubaya wa jambo lile. Kichupa cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ni chumvi ya potasiamu, tena inaimeza kalisiamu yote inayokutana nayo. Ukimimina damu ile kwenye kichupa kingine, umeimimina na dawa yake. Mashine itasoma potasiamu ya kuua mtu na kalisiamu ya maiti. Somo hilo Unyoya alimpa yule binti wiki yake ya kwanza, kidole kikiwa juu: "Bora umchome mtu mara kumi kuliko kumimina." Lakini kiburi kilimnong'oneza kwamba ni kidogo tu, haitaonekana.

Haikufika hata saa moja simu ya mezani ikalia. Alikuwa mtu wa maabara.

"Unyoya, huyu bibi namba kumi na saba, damu yake umeichukuaje?"

"Kama kawaida."

"Hakuwa na dripu mkononi? Potasiamu iko juu ya paa, kalisiamu ni kama haipo. Nimerudia mara mbili. Mtu mwenye majibu haya hatembei kwa miguu yake."

Hapo alikuwa na nafasi. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno.

"Nimeichukua kama kawaida," akasema.

"Haya. Mwenye mkono ni wewe. Nampelekea daktari."

Akaweka simu. Akaingia mgonjwa mwingine, kijana mnene mwenye mshipa wa wazi ambao hata kipofu angeupata, na Unyoya akamtoa damu bila kumuuliza chochote. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona nesi akipita mbio na toroli la dawa. Akasikia sauti ya daktari ikisema ita gari la wagonjwa, na mashine ya kupimia moyo si ndiyo ile iliyopelekwa kutengenezwa, basi hatuwezi kusubiri, tumwanzishie dawa ya kuishusha potasiamu hapa hapa.

Unyoya alijua dawa ile. Potasiamu ya bibi ilikuwa haina kasoro. Ukiishusha iliyo sawa, moyo unakosa mwendo, na wa mtu wa umri ule unaweza kusimama.

Kutoka chumbani kwake hadi chumba cha huduma ni hatua kama ishirini. Alizitembea huku pamba ikiwa bado mkononi. Bibi alikuwa amelazwa, mkono mmoja umefungwa mpira, na binti msaidizi alikuwa akimtafutia mshipa nyuma ya kiganja. Daktari alikuwa akivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Daktari, usimchome."

"Unyoya, si sasa."

"Usimchome. Damu ile nimeiharibu mimi. Cha njano hakikujaa, nikamimina kutoka kwenye cha zambarau."

Daktari akageuka polepole. "Ulimimina?"

"Nilimimina."

"Na maabara walipokuuliza?"

"Nilikana."

Nesi akatazama dari. Binti alimtazama usoni, kisha akateremsha macho yake kama mtu aliyemkuta mzazi wake yuko bafuni. Hilo lilimchoma Unyoya kuliko lolote ambalo daktari angesema.

"Kwa hiyo mimi sifi?" akauliza bibi kutoka kitandani.

"Kwa leo hufi, mama," daktari akasema, akilitupa bomba kwenye boksi.

"Afadhali. Nina gauni la bibi harusi sijatia zipu."

Binti akapasuka kwa kicheko, akaziba mdomo. Kisha akamtoa bibi damu upya, kwa sindano ndogo, nyuma ya kiganja. Kwanza aliukanda mkono kwa kitambaa cha maji ya moto, akauacha uning'inie, hakuwa na haraka. Akapata mara ya kwanza. Kichupa cha njano kikatangulia, kikajaa. Unyoya aliona yote hayo akiwa amesimama kando ya mlango, hakuna aliyemwambia atoke wala akae.

Majibu yalirudi mazuri. Kizunguzungu kilikuwa cha upungufu wa damu, kama kile kichupa cha zambarau kilivyosema tangu mwanzo. Bibi akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Kabla ya kwenda zake alisimama mlangoni kwa Unyoya.

"Mimi nikikosea kipimo cha suruali, nafumua," alisema. "Sichukui mguu wa suruali nyingine nikaunga."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, ila sikusifii tena." Akamtazama kidogo. "Hebu niambie, wewe mwenyewe mara ya mwisho kuchomwa ni lini?"

Unyoya akafikiri. "Sikumbuki."

"Ndiyo maana unaogopa mchomo wa tatu kuliko mimi niliyechomwa," akasema bibi, akaenda.

Daktari alimwondoa kwenye kiti cha damu kwa mwezi mzima. Alihamishiwa meza ndogo karibu na stoo, ya vipimo vya kidole: sukari na wingi wa damu. Kidole hakina mazungumzo. Unatoboa, unakamua tone, unaligusisha kwenye kijiti, mashine inahesabu sekunde tano, mtu anasimama. Watu walimsalimia kwa adabu, na adabu ile iliacha umbali mpana kati yao naye. Benchi lilijua, maana benchi hujua kila kitu. Sasa walichungulia chumba cha binti.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, foleni ilipokuwa imekwisha, alimkuta binti akipanga vichupa.

"Mjomba, karibu. Umesahau kitu?"

"Hapana. Nimekuja kupimwa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nipime vyote tu."

Binti alimtazama kama aliyetaka kuuliza zaidi, akaacha. Unyoya akakaa kwenye kile kiti, upande asiowahi kukaa. Alikunja shati, akaweka mkono kwenye egemeo. Aliuona mkono wake kama wa mtu mwingine: mkavu, una madoa, ngozi imelegea kwenye kiwiko. Kutokea pale dirisha lilionekana dogo zaidi.

Binti akafunga mpira, akaweka vidole viwili penye kona ya kiwiko. Vilikuwa na joto. Vikabonyeza, vikaachia, vikasogea kidogo, vikabonyeza tena.

"Mjomba, mishipa yako imejificha. Samahani, nitachukua muda."

"Chukua," alisema Unyoya.

Akatazama pembeni, kama wagonjwa wote wanavyotazama pembeni, na moyoni akawa anamwomba Mungu binti asiupate mshipa upesi.