Lakiri Nyekundu

Mama mkwe wangu, Mehitabel Thayer, alikuwa amebakiwa na binti mmoja tu, Lovina, naye alikuwa Ohio. Mume wa Lovina alisikia kwamba huko udongo hauna mawe, basi akauza shamba lake hapa Vermont, akapakia vyombo kwenye gari na kumpeleka mkewe mwisho wa dunia. Asahel, mume wangu, husema shemeji yake alifuata udongo. Mimi nasema alimkimbia mama mkwe, ila hilo huwa nalisemea jikoni.

Siku walipoondoka Mama hakutoa chozi. Alitoa farasi wake mzee, Shemasi, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa na uso mrefu na hakupenda kuharakishwa. Akampa Lovina hatamu mkononi, akarudi ndani kukanda mkate.

Tangu hapo akawa mtu wa barua. Vidole vyake vilikuwa vimepindika kwa uzee, hivyo yeye alisema na mimi nikaandika. Kazi hiyo sikuipenda hata kidogo. Alinikatiza, alinisahihisha, na kila barua lazima iwe na soksi.

"Mwambie avae soksi za sufu."

"Mama, Lovina ni mtu mzima, ana watoto wakubwa."

"Miguu yake haijui hilo. Andika."

Nikaandika. Posta ilitoza kwa karatasi, basi tulikuwa tukijaza ukurasa mpaka chini, kisha tunaugeuza ubavu na kuandika mistari mingine juu ya ile ya kwanza, ikipishana kama uzi wa kitambaa. Lovina naye alifanya hivyohivyo. Kusoma barua zake kulihitaji macho mazuri na moyo wa subira, na mimi nilikuwa na macho tu.

Mwaka ule, majani yalipoanza kupukutika, Lovina aliandika kwamba ana mimba tena na atajifungua katikati ya baridi. Mimba mbili za mwisho nusura zimuue. Mama alinisomesha maneno hayo tena na tena, kisha akaacha kuyataja kabisa. Baridi ikapita bila barua. Alianza kunituma dirishani kuangalia kama theluji imepungua njiani, ingawa dirisha lilikuwa mbele yake.

Barua ilifika wakati tukichemsha utomvu mtamu wa miti kupata sukari. Asahel aliingia nayo jikoni bila kukwangua matope kwenye viatu, yeye ambaye angekwangua matope hata nyumba ikiungua. Nikajua kabla sijaiona. Karatasi ilikuwa imefungwa kwa lakiri nyeusi, ile nta ya kufungia barua, na nyeusi huwekwa kwa msiba, hakuna asiyejua. Zaidi ya hapo, anwani ilikuwa kwa mwandiko wa mwanamume tusiyemfahamu.

Mama aliipokea, akaigeuza mara moja, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. Asahel alimwomba aifungue. Akasema hafungui. Nami nikamwambia huenda si kama tunavyodhani, na kwamba kukaa hivi ni kujitesa.

"Kezia," akasema, "humu ndani mwanangu bado yuko hai. Niachie kidogo."

Basi alishinda nayo mfukoni. Alikanda mkate nayo, akalisha kuku nayo, akakoroga sukari nayo huku mkono mmoja ukiwa juu ya aproni. Nilimwonea huruma, na pia nilimkasirikia, kwa sababu Lovina alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu na hofu yangu niliibeba peke yangu. Habari ya lakiri nyeusi ilikuwa imeshazunguka kutoka posta. Alasiri mke wa mwenye posta alikuja na pai ya tufaha na uso wa matanga. Mama akamzuia mlangoni, akamwambia hapa hakuna aliyekufa, arudi zake nyumbani. Kisha akamwita. Pai aiache.

Kabla ya chakula cha jioni aliiweka barua mezani mbele yangu. Akaketi, akanyoosha aproni.

"Soma. Nikiinua mkono, nyamaza."

Nilivunja lakiri. Kwa haraka yangu karatasi ikafunguka ubavu, nami nikasoma mstari wa kwanza ulionijia machoni: "...tukamzika nyuma ya ghala, ardhi ikiwa bado na barafu, na watoto wakalia hata hawakula..."

Mama aliinua mkono.

Asahel alijifunika uso kwa kofia yake. Mimi niliendelea kuikodolea karatasi, maana sikuwa na pengine pa kutazama, na ndipo nikaitambua ile herufi L yenye mkia mrefu ambao mwalimu wetu hakufanikiwa kuukata.

"Mama, huu ni mwandiko wa Lovina. Ameandika mwenyewe."

"Basi ni mtoto," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeshika vibaya. Nimeanzia ile mistari ya ubavuni. Ngoja."

Niliigeuza karatasi nikaanza mwanzo. Mama mpendwa, ni msichana, mzima, ana sauti ya dalali wa mnada, na tumempa jina lako. Nilisoma mpaka chini, nikageuza ubavu tena, na hapo nikafika kwenye kaburi la nyuma ya ghala. Shemasi alikuwa amekufa kwa uzee, amesimama zizini, bila haraka. Ukingoni kabisa Lovina alieleza kwamba mwenye duka kule, ambako barua hupokelewa, amefiwa na mkewe na dukani hakuna lakiri ila nyeusi, na kwamba mwenye duka ndiye atakayeandika anwani kwa kuwa mtoto analia mikononi mwa mama yake. "Kwa hiyo msishtuke," aliandika, ndani ya barua iliyofungwa.

Asahel alicheka mpaka akalia. Mama alilia bila kucheka, machozi ya miaka yote ile, akatuambia anamlilia farasi. Tukala ile pai.

Siku chache baadaye, nilipokuwa nikiandika majibu, alinishika mkono.

"Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayemwandikia Lovina. Usifunge kwa nyeusi."

Nilimwambia watu watasema hatuna adabu. Na tena ni kumdanganya.

"Watu hawatembei naye. Kutoka dukani mpaka kwake ni mwendo mrefu, ameshaniandikia. Mimi nimebeba lile jiwe mfukoni siku nzima, Kezia, nalijua uzito wake. Yeye mwache afike nyumbani kwanza. Akae."

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa kuchuma matufaha. Niliandika barua, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenikatiza, nikaona kwamba sijui kuandika peke yangu. Asahel alikuwa ameshapasha moto kipande cha lakiri nyeusi. Nikamwambia agizo la mama yake. Akasema ni dada yake, ataona kama hatukuomboleza. Tuligombana pale mezani, mshumaa ukiwaka bure, kisha nikachukua nyekundu na kufunga mwenyewe. Baridi nzima niliwaza kwamba nimekosea.

Jibu lilikuja limefungwa kwa nyeusi, kama inavyopasa. Nilimsomea Asahel, safari hii nikiwa nimeishika karatasi sawasawa.

"Nilipoona lakiri nyekundu," Lovina aliandika, "nilimwambia mtoto, bibi yako ametuletea barua. Nilimbeba mgongoni, na njia nzima tuliimba, yeye akinipiga kichwani kwa ngumi. Nilikuwa nikitunga majibu, nikipanga kumchokoza Mama. Sijapata kuifurahia njia ile kama siku ile. Nilifika, nikaweka maji motoni, nikakaa, ndipo nikafungua. Kezia, sijui kama ni wewe au ni yeye aliyechagua rangi. Lakini mmoja wenu alinitembeza na Mama mpaka nyumbani. Nilivua viatu ili nilie vizuri, na soksi za sufu nilikuwa nimevaa."

Asahel aliniomba nirudie pale kwenye njia. Nikarudia.