Nakuchekea Tu

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili lilitua mbavuni, na nilisikia kitu kikikatika. Nikadhani ni ule mguu wa kitanda uliokuwa mkononi mwa kaka yangu, lakini mguu wa kitanda ulikuwa mzima. Kilichokatika kilikuwa ndani ya mume wangu.

"Kaka, utamuua!" nilipiga kelele, brashi ya vanishi ingali mkononi.

Alipiga la tatu, la nne, huku analia. Mume wangu aliangukia kwenye maranda na kutapika damu juu yake. Nilimrukia kaka mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja chumvi. Alinitupa chini, akaendelea. Mafundi walipomshika, alikuwa hana tena wa kumpiga. Siku ya nne, hospitalini, nikawa mjane.

Pale karakana walimwita mume wangu Vunjambavu. Akianza kisa, randa zilisimama. "Basi, tunakufa!" mafundi walimsihi. "Mbavu hatuna!" Siku hizi maneno hayo nayachukia. Mtu akifurahi sana tunamuua kwa kicheko, tunamvunja mbavu, na hicho kicheko tunakiangua kama embe bichi. Nilikuwa nayasema bila kuyasikia, hadi daktari aliponisomea karatasi yake: mbavu tatu.

Karakana ilikuwa ya kaka. Wiki sita kabla ya siku ile, msumeno wa mashine ulikuwa umemla vidole viwili vya mkono wa kulia. Aliporudi kazini, fundi aliyechonga maua kwenye milango ya watu wazito hakuweza kushika patasi. Asubuhi ile ilimponyoka mara tatu. Mafundi wote waliinamisha macho kwa adabu, na nadhani adabu ile ilimuuma kuliko kidonda. Mume wangu peke yake ndiye aliyemtazama. Aliiokota patasi, akampa, akacheka kidogo. Ni kicheko kile alichonipa mimi siku ya kwanza nilipomuunguzia chakula.

"Unanicheka?" kaka aliuliza.

Mashine ya randa ilikuwa inanguruma. Mimi nilikuwa karibu na mume wangu, nikasikia vizuri: "Nakuchekea tu, shem." Kaka, ng'ambo ya meza, alisikia: "Nakucheka tu, shem."

Herufi moja. Kumcheka mtu ni kumvua nguo mbele za watu. Kumchekea ni kumfungulia mlango aingie. Mashine ilimeza ile herufi, na kaka akanyoosha mkono kuuchukua mguu wa kitanda.

Wiki ya kesi mama alikuja kwangu. Hakukubali kiti.

"Mwanangu, aliyekufa amekufa," alisema. "Wakili anasema kama alimcheka, basi kaka yako alichokozwa, na hatafungwa sana. Sema alimcheka. Ni herufi moja tu unaiacha."

"Mama, alikuwa mume wangu."

"Na yule ni mwanangu wa kiume pekee."

Nilimwelewa. Ndiyo maana nilimfukuza kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

"Shahidi," jaji aliniuliza, "marehemu alitamka neno gani?"

Nilimtazama kaka kizimbani. Nilitegemea aniombe kwa macho, lakini hakuomba kitu. Alikuwa ametulia, akisubiri niseme kile alichokuwa na hakika nacho. Miezi yote ile alikuwa amelala juu ya tusi lile, na ndilo lililompa usingizi. Nilijua nikisema neno moja nitamwokoa, na nikisema lingine nitamnyang'anya kila kitu. Sitadanganya: nilitaka kumnyang'anya.

"Alisema, 'Nakuchekea.'"

"Alisema nini?" kaka aliropoka.

"Nakuchekea, kaka. Hakukucheka."

Jaji alituamuru tunyamaze. Karani akaandika. Kaka aliketi bila ruhusa ya mtu, na hata aliposomewa miaka kumi na minane ilibidi askari wamwinue. Mama hakunisemesha tena mpaka alipofariki.

Mwaka wa tatu kaka alituma ujumbe niende kumwona gerezani. Nilikwenda na matusi yangu yakiwa tayari mdomoni. Alikuwa amekonda, mikono yake juu ya meza, vidole vinane.

"Mdogo wangu," alisema, "najaribu kukumbuka. Naona patasi, naona mkono wake. Uso siuoni. Alicheka vipi? Nioneshe."

Ningeweza kuondoka. Badala yake nilimtazama mtu aliyeniulia mume, nikajaribu kumchekea. Mara ya kwanza midomo ilikataa. Mara ya pili sauti ilitoka, ndogo, fupi, na ilikuwa yenyewe hasa, mpaka na mimi nikashtuka.

Kaka alisogeza uso karibu.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Aliziba masikio kwa mikono yote miwili.

"Usirudie," alisema.