Ndege Huyo, Ndege Hiyo

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa cheti cha rubani wa droni, niliangushwa na kunguru. Tena si kunguru wa kweli, maana huyo ningemsamehe. Swali liliuliza: "Uko kazini, droni yako iko hewani, ghafla unaona ndege anakaribia. Utafanya nini?" Mimi nikaona neno "ndege" nikapagawa. Nikaandika kwa mbwembwe zote kwamba nitaishusha droni mara moja, nitazima propela, kisha nitapiga simu kwenye mnara wa kuongozea ndege. Kumbe swali lilisema anakaribia, si inakaribia. Watunga mtihani walikuwa wanamzungumzia ndege wa manyoya na mayai.

Baba mkwe alicheka mpaka akavua miwani.

"Umewapigia simu mnarani kuripoti kunguru!" alisema akijifuta machozi. "Na ulivyo muungwana, ulimuuliza anatua lini?"

Kuanzia siku hiyo jina langu ndani ya nyumba ile likawa Kunguru. Na nyumba ile ndiyo niliyokuwa nikiishi, hapo ndipo penye uchungu. Zamani nilikuwa najitegemea. Nilipiga picha za harusi kwa droni, bibi harusi akitoka ukumbini mimi namwona kutoka juu na shela lake lote. Likaja tangazo kwamba hakuna kurusha droni kwa malipo bila cheti. Kazi ikafa, kodi ikanishinda, mke wangu akasema twende kwa baba kwa muda. Mwanamume anayekaa ukweni hajui pa kuweka miguu. Hata kikohozi unakipima kabla hujakitoa.

Baba mkwe alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mstaafu na mjane, na watu wote walimwita Mwalimu, hata binti yake akikasirika. Nyumba yake ilikuwa na sheria nyingi kuliko anga. Kiti cha sebuleni kisisogezwe. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa. Ukiuacha nusu, utajuta kuzaliwa. Koridoni kusiachwe kitu, hata kandambili. Siku moja nilisahau ndoo mlangoni pa bafu, nikahubiriwa mpaka chai ikapoa. Na hiyo chai yenyewe alipenda kuimimina kwa mkono wake, kidole kimetumbukia ndani ya kikombe cha mtu. Nilikuwa nainywa nimefumba macho. Moyoni nilisema mzee huyu ni dikteta, na juu ya udikteta ni mchafu.

Aliyekuwa na haraka ya kuondoka kuliko mimi ni mke wangu. Kulikuwa na kampuni ya kupima mashamba makubwa, mbali, safari ya kutwa nzima ndani ya basi. Meneja wao aliniambia bila kuzunguka: lete cheti, uanze kazi, na nyumba ya kuishi ipo. Mke wangu aliposikia habari ya nyumba alinishika mikono yote miwili.

"Soma, mume wangu. Nakuomba usome. Nikiendelea kukaa humu nitapasuka."

Nilidhani kachoshwa na kelele za baba yake kama nilivyochoshwa mimi.

Mwalimu naye akajitwika kazi ya kunifundisha, bila kuombwa. Kila jioni, tukishakula, aliketi kwenye kiti chake kisichosogezwa na kunyoosha kidole mahali nilipo.

"Lete kitabu chako, Kunguru. Soma kwa sauti."

"Baba, si ungesoma wewe halafu ukaniuliza maswali?"

"Anayesoma ni mwanafunzi. Mwalimu kazi yake kusikiliza. Soma."

Nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. Nikasoma habari za upepo na mvua, uhai wa betri, kimo kinachoruhusiwa, umbali wa kukaa na watu na nyumba zao. Nilikuwa nakichukia kile kitabu, nachukia na sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka ukutani. Mwalimu alikishika chote kichwani kwa kusikia tu. Nikiruka mstari ananirudisha. Kisha ikawa hata mezani sina amani. Nimeinua tonge, anapiga kelele:

"Ndege huyo!"

"Nasimama hewani, nampisha taratibu, naendelea na kazi."

"Ndege hiyo!"

"Nashuka papo hapo. Siulizi."

"Kwa nini huulizi?"

"Kwa sababu ndani yake mna watu."

"Haya, kula."

Mke wangu alikuwa hacheki. Alikuwa anamtazama baba yake, kisha ananitazama mimi, kisha anaondoa vyombo.

Siku moja Mwalimu akarudi kutoka kwa seremala na ubao wa kuchonga. Akauegemeza ukutani, akapitisha vidole juu ya herufi moja moja, uso umemchangamka. KUNGURU NA MKWEWE, PICHA ZA ANGANI.

"Ukifaulu tunaanzia hapa hapa uani," alisema. "Kile chumba cha nyuma kitakuwa ofisi. Mimi nitapokea wageni, wewe utapaa. Huendi kuhangaika kokote."

Nilitabasamu kwa meno tu. Hapo ndipo nilipouona mtego wote. Nikifeli, nabaki ukweni sina kazi. Nikifaulu, nabaki ukweni nina kazi, na jina langu la kunguru limechongwa kwenye mbao. Nilitamani kupiga ukelele. Badala yake nikasema, "Ahsante, baba, umependeza ubao."

"Umependeza ubao au ubao umependeza?"

"Ubao umependeza, baba."

Chumbani nilimwambia mke wangu lazima tumwambie mzee kuhusu kampuni ya mashamba. Akatikisa kichwa.

"Usimwambie kitu. Wewe faulu tu."

"Sasa atajua lini?"

"Tukishafunga mizigo."

Nilishangaa. Ni mtoto wake pekee, na si mtu wa roho mbaya. Nikataka kuuliza zaidi, akanigeuzia mgongo.

Siku ya mtihani, ile sehemu ya kuandika niliimaliza asubuhi bila jasho. Kila palipoandikwa "ndege" nilikitafuta kiambishi kwanza, kama mtu anayekagua samaki kabla ya kununua. Mchana ulikuwa wa vitendo. Kila mtahiniwa alitakiwa kuja na mwangalizi wake, maana macho ya rubani yako kwenye droni, na lazima awepo mtu mwingine wa kuangalia anga na kumpigia kelele kukiwa na hatari. Mimi nilipanga kwenda na rafiki yangu, fundi wa kamera. Lakini Mwalimu alikuwa amekwisha piga pasi shati.

"Nani anaijua huyo na hiyo kuliko mimi?" aliuliza. Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Njia nzima aliniwekea mkono begani. Nikaona ni madaha, anataka watu wote wajue mwanafunzi wake ndiye huyu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya chuo kimoja cha ufundi, nyasi fupi, ukuta wa matofali upande mmoja. Mtahini alikuwa mama mmoja mwembamba asiyecheka, kofia imemfunika mpaka nyusi. Nikarusha. Droni ikapanda vizuri, nikaizungusha kwenye bendera, nikaisimamisha, nikaipeleka mbali na kuirudisha. Nilianza kuiona ile nyumba ya kampuni, mlango wake, kiti changu mwenyewe ambacho ningekisogeza nitakavyo.

Ghafla Mwalimu akapaza sauti:

"Ndege hiyo!"

Sikufikiri. Vidole vyangu vilikwisha fundishwa mezani. Nikaishusha droni moja kwa moja mpaka nyasini, nikazima propela. Ndipo nikainua macho.

Angani hakukuwa na ndege ya aina yoyote. Kulikuwa na mwewe mmoja, juu sana, anazunguka zake. Na nyuma ya ule ukuta wa matofali mtu alikuwa amewasha mashine ya kukatia nyasi, inanguruma.

"Mzee," mtahini aliuliza, "hiyo ndege iko wapi?"

Mwalimu akanyoosha kidole bila wasiwasi wowote. Kidole kilielekea ukutani, kwenye ngurumo.

Mtahini akaufuata ule mkono kwa macho, kisha akanitazama mimi. Mashine ikazimika. Mwalimu akabaki kanyoosha kidole kwenye kimya, na taratibu mkono ukaanza kushuka.

"Nilikuwa namjaribu," alisema, akacheka kidogo. "Nione kama atabisha."

Hapo ndipo damu iliponiganda. Yule mzee angeweza kufanya mzaha na kitu chochote duniani, hata na kifo chake, lakini na ngeli, hapana. Akisema hiyo, amemaanisha hiyo. Aliamini kuna ndege pale. Mambo yote yakanirudia kwa pamoja, kile kiti, milango, ndoo ya bafuni, kidole ndani ya kikombe kikipima chai imefika wapi. Soma kwa sauti, Kunguru. Yule mwewe alikuwa peupe kabisa, na Mwalimu hakumwona.

"Hapa watu huwa wanabisha," mtahini alisema akiandika. "Mwangalizi anapiga kelele, rubani anaanza kuuliza iko wapi, iko wapi. Wewe umeshuka. Umefaulu. Pita dirishani uchukue cheti. Lakini wewe mzee, siku nyingine usinitanie kazini."

"Nisamehe, mama," alisema Mwalimu. Sikuwahi kumsikia akiomba msamaha.

Nilichukua cheti, nikampigia mke wangu simu. Akapiga vigelegele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Nilitaka kufurahi naye, nikashindwa.

Tulipofika kwenye mtaro karibu na geti la chuo, sikungoja aniwekee mkono. Nikampa kiwiko. Akakishika, tukavuka.

"Tangu lini, baba?"

"Kulia bado naona mwanga kidogo. Kushoto kumefungwa zamani. Daktari anasema ni presha ya macho, haina kurudi." Akatembea kidogo. "Usimwambie binti yangu. Atalia, atataka kuninawisha uso kama mtoto. Wewe niahidi."

Nikamwahidi. Hakuniuliza kwa nini nilikuwa nahema, nami sikumwambia kwamba nilikuwa nahesabu njia za kutoka na sioni hata moja.

Tulipofika nyumbani alibaki barazani kuvua viatu. Mimi nikatangulia. Koridoni, mbele ya mlango wetu, palikuwa na begi letu kubwa limetuna, zipu imefungwa. Nikaliruka tu, akili haipo. Ndani mke wangu alikuwa anakunja shuka la mwisho. Akanikimbilia, akanikumbatia, kisha akaniachia akanitazama usoni.

"Umejua," alisema.

Nikatazama pembeni. Nilikuwa nimeahidi.

"Na amekwambia usiniambie." Akaketi kitandani na lile shuka mapajani. "Nimejua tangu mama yupo hai. Yeye ndiye alikuwa macho yake. Baba anadhani mimi sijui, na mimi nikamwacha adhani."

"Ukataka tuondoke?"

"Nilitaka tuondoke kabla hujajua wewe!" Sauti ilimkatika. "Nimekulia humu, mume wangu. Mtoto mdogo, nachunga kandambili zisikae njiani, nasoma magazeti kwa sauti wenzangu wako nje wanacheza. Nimechoka. Nilisema nikiwa mbali nitamtafutia mtu, nitatuma chochote, nitalia huko huko. Mimi ningeweza. Lakini wewe ukijua hutaondoka. Nakufahamu."

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea, kwamba mimi naweza kuondoka leo hii, cheti hiki hapa. Nilifungua mdomo kabisa.

Koridoni kitu kikaanguka kwa kishindo.

Tulipotoka, Mwalimu alikuwa amepiga magoti sakafuni, miwani imelala upande. Tulingoja ahubiri. Hakuhubiri. Mikono yake ilikuwa juu ya begi, inapapasa kamba, inafuata zipu mwanzo mpaka mwisho, inabonyeza kuona limejaa kiasi gani.

"Hili ni begi," alisema.

"Ni begi, baba," alijibu mke wangu.

"Limejaa."

Akainua uso, akauelekeza mahali nilipokuwa nimesimama, akakosea kidogo.

"Mnasafiri lini?"

Nilimtazama mke wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akainama, akampa baba yake miwani mkononi, akaliinua lile begi peke yake ingawa lilikuwa zito, akaliingiza chumbani. Nikasikia akilisukuma chini ya kitanda, kwa mguu, kwa hasira, mpaka likagonga ukuta.

"Hatuendi popote," alisema kutoka ndani. "Nilikuwa napanga nguo."

"Nguo hupangwa kabatini," Mwalimu alisema. Akasimama akishika ukuta, akajikung'uta magoti, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya kawaida. "Haya, Kunguru. Umefaulu. Njoo basi unisomee gazeti."

Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwangu. Alikuwa meneja wa mashamba. Nikaiacha iite, nikaingia sebuleni, nikapita kando ya kiti bila kukisogeza.