Kijiko cha Tausi

Usiku wa jana niliota napika pilau ya shughuli, na nilikuwa nimeshakasirika kabla hata moto haujawashwa. Sababu naijua. Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Mwaka jana nilianza na C, lugha ngumu ya kuandikia programu, na wanafunzi thelathini wakanikimbia ndani ya mwezi mmoja. Wa mwisho alikuwa Tausi, aliyeniaga kwa adabu zote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkuu wa shule, Bi. Rukaya, ameniambia: "Jumatatu nitajie lugha moja. Wakikimbia tena, kile chumba chako cha kompyuta naweka mahindi."

Basi niko uani. Wageni ni wale wale thelathini, wamekaa mkekani, kila mmoja na kijiko chake kilichotiwa alama ya rangi ya kucha, kama tufanyavyo kwenye shughuli ili vyombo visipotee. Cha Tausi kina T nyekundu.

Mbele yangu kuna mafiga matatu. Yananiambia kwamba yenyewe ndiyo C.

"Nataka kupika pilau," nasema.

"Taja sufuria," linasema la kwanza.

"Taja ukubwa wake," linasema la pili.

"Na utairudisha lini," linasema la tatu.

Nataja vyote. Mara yanapiga kelele kwa pamoja: "Kosa liko kwenye kitunguu!"

Nakagua kitunguu. Hakina tatizo lolote. Nakagua mchele, nyama, kisu. Baada ya saa nzima nagundua kwamba nilipotaja sufuria sikumalizia na nukta mkato, alama ambayo C huidai mwisho wa kila agizo.

"Si mngesema!"

"Tumesema. Kosa tumeliona tulipofika kwenye kitunguu. Na moto hatuwashi mpaka yote yanyooke."

Nageuka kwa hasira, na uani si uani tena. Ni chumba changu cha kompyuta, wanafunzi wako kwenye viti, na juu ya meza kuna sufuria ya umeme ya kupikia wali.

"Mimi ni Python, mwanangu," inasema kwa sauti tamu. "Lugha ya wanaoanza. Wewe sema tu."

"Pika pilau."

"Nimeanza."

Nakaribia kulia kwa furaha.

"Ila hivyo vikopo vya viungo visogeze ndani vidole vinne. Kama mistari ya programu zangu, kisichosogezwa ndani sijui ni cha fungu gani."

Nasogeza. Kimoja nimekosea, vidole vitatu, nayo inagoma mpaka nirudi kukipima. Wanafunzi wanaanza kutoka. Kila anayetoka, gunia la mahindi linaingia na kukaa kwenye kiti chake.

Baada ya saa nzima sufuria inasema, "Pole, mwanangu. Hakuna iliki."

"Ungeniambia mwanzoni!"

"Mwanzoni sikuwa nimefika kwenye iliki."

"Sisi tungemwambia kabla ya kuwasha moto," yanasema mafiga dirishani.

"Nyinyi moto wenyewe mliuwasha lini?" inauliza sufuria.

"Nyamazeni wote!" napiga kelele. "Nataka jina moja la kumpa Bi. Rukaya!"

Magunia ishirini na tisa yananitazama. Katikati yao amebaki Tausi.

"Shikamoo, mwalimu," anasema. "Naomba nikuachie kijiko."

"Si chako hicho?"

"Ni changu, ila sijakitumia. Mwezi mzima tumetaja masufuria. Hatujaonja hata tonge."

"Lakini mafiga ndiyo yanayofundisha kupika kweli kweli!"

"Yatatufundisha, mwalimu. Tukishakula."

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Kijiko nakipokea. Nafunua sufuria ya umeme: pilau imo, haina iliki, imeshikana kidogo upande mmoja, na inaliwa. Nasema ngoja nimpakulie. Nageuka, na kwenye kiti chake kuna gunia.

Niliamka saa moja asubuhi, ngumi nimeikunja hadi vidole vinauma. Nikaifungua. Mlikuwa na kijiko chenye T nyekundu, kikavu, kisafi, hakijagusa chakula.

Sikuingoja Jumatatu. Nilimpigia simu Bi. Rukaya, nikamwambia Python, tena siku ya kwanza kabisa watoto waione programu yao ikifanya kazi. Kisha nikamwomba namba ya mama yake Tausi.